Kutafuta Mji wa Babu katika Hesabu za Zamani za Machakos



Ni desturi ya kitabu hiki, baada ya hesabu za fedha na habari za misaada ya mwaka, kutenga kurasa chache kwa ajili ya habari za kale. Mwaka huu tumechagua kuandika juu ya hesabu za namna nyingine, yaani zile zilizofanywa na Serikali ya Kikoloni juu ya nyumba, watu na mifugo ya wazee wetu. Sababu yake ni hii. Vyama vya msaada kama chetu vilianzishwa na watu waliotoka vijijini kwenda kazini Nairobi na Mombasa, na mojawapo ya kazi zao za kwanza ilikuwa kuchangia maziko. Mtu akifa ugenini, wenzake walimchangia ili arudishwe kwao. Lakini kumrudisha mtu kwao kwahitaji kwanza kujua kwao ni wapi, na swali hilo, ambalo wazee wetu walilijibu kwa neno moja, leo huweza kukifanya kikao kizima kinyamaze.

Swali hilo huja katika misiba, nalo huja katika mashauri ya mahari, ambapo yatupasa kujua mbai ya kila upande ili ndugu wasije wakaoana. Huja pia katika mashauri ya mashamba. Vijana wetu waliosoma hujibu upesi kwamba lazima pawepo kitabu cha Serikali, mahali fulani Nairobi, chenye jina la babu, wake zake, watoto wake na kijiji chake. Ati kazi iliyobaki ni kwenda kukifungua. Tumeona vema kueleza yaliyomo katika vitabu hivyo, yasiyomo, na jinsi yanavyoweza kutusaidia tukiyatumia pamoja na maneno ya wazee.

NYUMBA KABLA YA WATU

Vijana hao wamesikia habari za nchi nyingine, nazo ni za kweli. Uingereza ilianza kuhesabu watu wake mwaka 1801, na tangu mwaka 1841 majina ya watu wa kila nyumba yaliandikwa. Karatasi hizo hufunguliwa baada ya miaka 100. Zile za mwaka 1921 zilifunguliwa mwaka 2022. Marekani hungoja miaka 72, na kwa hiyo hesabu yao ya mwaka 1950 ilifunguliwa mwaka huo huo wa 2022. Mjukuu wa huko aweza kuliona jina la babu yake, umri wake na mtaa aliokaa.

Kwetu mambo hayakuwa hivyo. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilijenga boma lake karibu na mji wa Masaku mwaka 1889, na John Ainsworth akaja kulishika mwaka 1892. Mwaka 1895 nchi ikawa chini ya Serikali ya Uingereza yenyewe. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, na tangu hapo wahesabu walipita vilimani na mabondeni. Lakini waliyohesabu ni nyumba. Mtu mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake, alilipia nyumba tatu. Mwaka 1910 sheria iliongeza kodi ya kichwa, ili vijana wasio na nyumba nao walipe. Idadi ya watu wote ilipotakiwa, maofisa walikadiria kutokana na nyumba na walipa kodi, na kadirio hilo likaandikwa katika ripoti ya mwaka.

Hesabu ya kwanza ya Waafrika wote wa Kenya ilifanywa mwaka 1948, nayo ilionyesha kwamba nchi nzima, pamoja na watu wa mataifa mengine, ilikuwa na watu 5,405,966. Iliyofuata ni ya mwaka 1962, watu 8,636,263. Baada ya uhuru zilifanywa mwaka 1969, 1979, 1989, 1999, 2009 na 2019. Katika hiyo ya mwisho Kaunti ya Machakos peke yake ilikuwa na watu 1,421,932, na Kaunti ya Makueni watu 987,653. Vitabu vilivyopigwa chapa kutokana na hesabu hizi vyaonyesha jumla za wilaya na lokesheni, wala havina jina la mtu. Habari za mtu mmoja mmoja zalindwa kwa siri na Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006. Kwa hiyo anayefikiri kwamba atafungua kitabu cha mwaka 1948 na kumkuta babu yake ameketi mlangoni, hapana budi tumwambie mapema asijichoshe.

KWA NINI HESABU HAZIKUWA NYOOFU

Tena yafaa tukumbuke moyo wa wazee walipohesabiwa. Mhesabu hakuja kuuliza habari za ukoo; alifuatwa na mkusanya kodi. Kila nyumba iliyoandikwa ilikuwa deni, na katika nchi nyingi zilizotozwa kodi hii watu walijibana katika nyumba chache ili kodi ipungue. Tusishangae basi ikiwa nyumba zilizoandikwa ni chache kuliko wake tunaowajua kwa majina.

Hesabu ya ng'ombe nayo ilikuwa na madhara yake. Mwaka 1938 Serikali ilisema mifugo ya Machakos imezidi na inaiharibu ardhi, ikaanza kuwachukua ng'ombe kwa nguvu ili wauzwe. Mwaka huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig kilifunguliwa Athi River. Wazee, akina mama na watoto walikwenda Nairobi kwa maelfu kulalamika kwa Gavana, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Serikali hatimaye iliacha kuwachukua ng'ombe kwa nguvu. Watu waliopitia mambo hayo wangewezaje kumwambia karani kila kitu? Mzee aliyeficha ndama wake hakuwa mwongo kwa asili. Alikuwa amejifunza kwamba kilichoandikwa huweza kuchukuliwa.

Kuna jambo jingine, nalo ni maana yenyewe ya neno kukaa. Kwa Mkamba wa zamani mji, yaani musyi, ulikuwa milimani, pengine Iveti au Mbooni au Kilungu. Hapo palikuwa na ng'undu, shamba lake mwenyewe. Ng'ombe wake waweza kuwa mbali nyikani, katika syengo, wakichungwa na wanawe au ndugu zake kwa miezi mingi. Basi mtu huyu akaa wapi? Ukimwuliza utui wake atakujibu mlimani. Ukimfuata mali yake utamkuta nyikani. Karani alikuwa na mstari mmoja tu katika daftari, akaandika mahali alipomkuta, au mahali ambapo hedimani wake alikuwa na amri. Daftari latuonyesha mtu alilipa kodi chini ya nani, na hilo si lazima liwe sawa na mahali alipozikwa baba yake.

MAJINA NA MIPAKA

Anayetafuta katika karatasi za zamani na ajue kwamba jina lililoandikwa si lazima lifanane na jina lililotamkwa. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mji wetu mkuu ulipewa jina la mzee Masaku, lakini wageni wakaandika Machakos, na Machakos ndilo likabaki hadi leo. Ikiwa jina la mtu mashuhuri kiasi hicho lilipotoshwa, majina ya wazee wa kawaida yalipata nini? Nzaui, ambako wamisionari wa Africa Inland walifika mwaka 1895, katika karatasi zao huandikwa Nzawi. Kwa hiyo kabla ya kusema kwamba babu hayumo, taja jina lake kwa sauti na ufikiri jinsi mgeni angelisikia.

Mipaka nayo imehama. Zamani Machakos ilikuwa katika Ukamba Province, ambayo makao yake makuu yalihamishwa kutoka Machakos kwenda Nairobi mwaka 1899. Baada ya uhuru wilaya ikawa katika Mkoa wa Mashariki. Mwaka 1992 Makueni ilitengwa ikawa wilaya yake yenyewe, na tangu mwaka 2013 Machakos na Makueni ni kaunti mbili. Mtu wa Mbooni, Kilungu, Mukaa au Nzaui, ambaye leo ni wa Makueni, lazima aitafute habari ya babu yake katika majalada ya Machakos.

Majalada hayo mengi yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, idara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Ya ofisi ya D.C. wa Machakos hujulikana kwa alama DC/MKS. Humo mna ripoti za kila mwaka na vitabu vya mambo ya utawala, vyenye habari za lokesheni, mahedimani, njaa na magomvi ya mipaka. Si yote yaliyosalimika, maana mwaka 1939 moto uliunguza karatasi nyingi za ofisi kuu ya Serikali Nairobi. Tusidhani kwamba ni sisi tu tuliopata hasara ya namna hiyo. Karatasi za hesabu ya Uingereza ya mwaka 1931 nazo ziliungua zote mwaka 1942.

KALENDA YA WAZEE

Twafika sasa kwenye hazina ambayo haimo katika jengo lolote. Wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa tarakimu. Waliipa miaka majina kwa yale yaliyowapata. Anayesema kwamba baba yake alizaliwa wakati wa Yua ya Ngomanisye ametaja tarehe, kwa kuwa njaa hiyo ilikuwa katika miaka ya 1898 na 1899. Nzalukangye ni njaa ya mwaka 1929 hivi. Yua ya Ndeke ni mwaka 1961, ambapo ukame ulifuatwa na mafuriko na chakula kikaletwa kwa ndege. Ya Atta ni mwaka 1965, tulipokula unga wa manjano. Mjukuu akiyaweka majina haya kando ya ripoti za D.C., ataona kwamba vitabu viwili vyasimulia mambo yale yale, kimoja kwa tarakimu na kingine kwa kumbukumbu.

Katika hayo yote Ngomanisye ndiyo yatupasa kuifikiri zaidi, maana ndiyo iliyowatawanya watu wetu. Mvua ilikosa, sotoka ilikuwa imewaua ng'ombe, na ndui ikafuata. Miji mizima ilivunjika. Wengi walikwenda Ukikuyu na Embu kutafuta chakula, na wanawake na watoto waliachwa huko kwa watu waliokuwa na chakula. Wengine walirudi baada ya mvua kunyesha. Wengine waliolewa huko, wakazaa huko, na wajukuu wao leo huitwa kwa kabila la huko. Kodi ya kwanza ilihesabiwa miaka miwili tu baada ya msiba huo. Maana yake ni kwamba hata daftari la kwanza kabisa la Serikali liliwakuta wazee wetu wakiwa wamekwisha kuhama. Anayedhani kwamba mahali palipoandikwa mwanzoni ndipo asili ya ukoo wake, huenda amelishika kambi la wakimbizi akaliita chimbuko.

KARATASI NYINGINE ZA KUTAFUTA

Licha ya hesabu, kuna karatasi za namna nyingine zenye majina. Ya kwanza ni kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume mzima alipaswa kuwa nacho, na wengi walikivaa shingoni katika kikopo cha chuma. Kiliandikwa jina, kabila, wilaya, alama za vidole, na waajiri aliofanya kazi kwao. Familia yenye kipande cha babu, hata kiwe kimeliwa na kutu, isikitupe.

Ya pili ni habari za Vita Kuu ya Kwanza, ambapo maelfu ya watu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi. Mtaa wa Kariokor mjini Nairobi wachukua jina lao hadi leo. Wengi walikufa bila kaburi lenye jina, jambo ambalo tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuwa limesahauliwa kwa karne nzima.

Ya tatu ni vitabu vya ubatizo na ndoa vya makanisa. Ya nne ni maelezo yaliyotolewa mbele ya Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter tangu mwaka 1932, yaliyopigwa chapa mwaka 1934. Humo Wakamba walieleza malisho waliyonyang'anywa, na vilima vya Mua vilivyopewa walowezi. Ya tano ni madaftari ya upimaji wa mashamba yaliyoandikwa chini ya sheria ya mwaka 1968, ambamo wazee wa kila sehemu walikaa katika kamati na kutaja shamba hili ni la nani.

Lakini tuseme kweli moja ambayo haisemwi mara nyingi. Karatasi hizi karibu zote ni za wanaume. Mama zetu hawakuvaa kipande, wala hawakuandikwa kuwa wenye nyumba walizozijenga na kuzipaka udongo kwa mikono yao. Anayetaka kujua upande wa nyanya yake ataukuta katika vitabu vya kanisa, au kwa akina mama wazee, na kama hao wamekufa hataupata tena.

MFANO WA KAZI YENYEWE

Tuseme mwanachama wetu anamtafuta babu wa baba yake. Anajua kwamba familia ilipata shamba Makueni katika mpango wa makazi uliofuata Vita Kuu ya Pili, na kwamba babu yake aliitwa Muthama, aliyezaliwa wakati wa Nzalukangye. Kwa habari hizo chache tayari ameshika mengi. Nzalukangye yampa mwaka 1929 hivi. Jina Muthama hutoka katika neno kuthama, yaani kuhama, na kwa desturi huweza kupewa mtoto aliyezaliwa wakati familia ikihama. Huenda basi familia ilikuwa njiani mwaka huo, miaka kumi na mitano au zaidi kabla ya Makueni. Makueni si mwanzo, na mji wa kabla yake nao pengine si mwanzo.

Hata hivyo na ajihadhari. Kwa desturi yetu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, na kwa hiyo jina Muthama laweza kuwa la mzee wa zamani zaidi, na safari ikawa ya huyo. Jina peke yake si shahidi. Na aulize, je, huyu alikuwa mzaliwa wa kwanza? Kisha aulize mbai, na jina la ithembo walikotambikia, na jina la mto walikoteka maji. Majina ya mito na vilima hayahami kama majina ya lokesheni. Akiisha kuyapata, ndipo aende kwenye majalada kuangalia ni hedimani gani aliyekuwa na amri juu ya mto huo, na ripoti za miaka ya 1920 zasema nini juu ya watu waliohama. Mwisho arudi na kwenda mlimani kwa miguu, pamoja na mzee wa mbai yake. Anayeanza na jalada bila kwanza kuketi na mzee atapotea katika lokesheni zenye watu wengi wa jina moja.

ONYO NA OMBI

Twawaonya wanachama juu ya jambo moja. Kujua kwamba babu alikuwa na mji mahali fulani si hati ya kumtoa anayekaa hapo leo. Wazee wetu walihama kwa njaa, kwa vita, kwa kutafuta malisho na kwa amri ya Serikali, na kila walipohama wengine waliingia. Tukianza kufukuzana kwa makaburi, hapana atakayebaki. Chama hiki hakitatoa fedha wala shahidi kwa kesi ya namna hiyo. Tunachotafuta ni kujuana, ili watoto wetu wasioane bila kujua, na ndugu waliopotea tangu Ngomanisye wapate kuamkiana kabla ya kizazi kingine kupita.

Ombi letu ni dogo. Kabla ya mkutano mkuu ujao, kila familia iandike karatasi moja: jina la mzee wa mbali kabisa anayejulikana, majina ya wake zake wote, mbai, mto, kilima, ithembo, na njaa iliyowahamisha. Mwenye kipande, risiti ya kodi au cheti cha ubatizo aandike maneno yake katika karatasi hiyo, lakini akae nacho mwenyewe. Asiyejua kuandika amwite mjukuu wake. Hilo nalo ni faida, kwa kuwa mjukuu atasikia. Katibu atazitia karatasi hizo katika jalada la chama.

Watu husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli, lakini daftari la Machakos latuonyesha kwamba hata penye daftari habari huweza kupotea, kama hapana mtu wa kulisoma pamoja na mwenye kukumbuka. Wahesabu wa zamani walihesabu nyumba, wakaenda zao. Waliozijua nyumba hizo kwa majina walikuwa wazee na akina mama wa kila utui, na wachache waliowasikia wangali pamoja nasi, wamekaa katika safu ya mbele ya mkutano huu. Twawaomba waseme, nasi tutaandika, ili siku chama kitakapomchukua mmoja wetu kumrudisha kwao, pasiwe na mtu atakayeuliza njia.